Waya wa Injini, Waya wa Nyumba

Napenda kukiri mbele ya umma kwamba ni mimi niliyehamisha vibandiko. Shule ilikuwa imefungwa siku mbili tu, mikono ilikuwa ikiniwasha, na mjomba wangu, fundi umeme wa magari, alikuwa ameenda kunawa.

Gari lake ni basi dogo aliloling'oa viti akaweka kitanda, jiko na friji. Lina betri mbili: moja ya kuwashia injini, nyingine ya matumizi ya ndani. Kati ya betri hizo alikuwa anafunga chaja, ili gari likiwa safarini injini iijaze ile ya ndani. Nyaya mbili nyekundu, mmoja kutoka kila betri, zilipita pamoja chini ya sakafu hadi kwenye chaja, na kwenye ncha zake alibandika karatasi: INJINI, na NYUMBA kwa ile betri ya ndani. Tangu apate kiharusi mkono wa kulia umekuwa mzito, naye huandika kila kitu kwa kushoto, herufi zimelala kama walevi. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu atoke hospitali.

Nilizibadilishia nafasi karatasi hizo. Nilitarajia tucheke.

Mjomba alirudi, akafunga nyaya kwenye chaja, akawasha gari. Taa ya chaja ikawa nyekundu, yaani kuna kosa. Akafungua, akasoma karatasi zake, akafunga vilevile. Nyekundu. Akaketi kwenye ngazi ya gari, akamwambia mkewe, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba vifaa vyake viuzwe, kichwa kimeshakwenda. Mkaza mjomba aliniangalia mimi, na hata mwalimu wa nidhamu hajawahi kuniangalia hivyo.

Nikaeleza kila kitu, kwa ufasaha mkubwa, nikitazama viatu.

"Kwa hiyo nilifuata karatasi sawasawa?" mjomba aliuliza.

"Sawasawa, Mjomba. Mara mbili."

Akaanza kucheka, upande mmoja wa uso kwanza, wa pili ukafuata kwa kuchelewa. Aliniita shetani mwenye sare. Kisha akazima gari, akachomoa fyuzi, akafungua nyaya, akanituma kwenye betri ya injini nivute waya wake taratibu, huku yeye ameshika zile ncha mbili kwa mkono mzito, amefumba macho.

"Huu hapa," akasema. "Nimeusikia."

Akafunga nyaya upya, akarudisha fyuzi, akawasha gari. Taa ikawa kijani. Injini ikaendelea kuunguruma palepale uani mpaka mkaza mjomba akalalamikia mafuta. Mjomba alimwomba angoje kidogo, bado anaitazama taa.