Bibi Harusi Chini ya Meza

Magreti alitaka Winnie aachwe kijijini Kidodi siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Alilisema kwa simu, kwa sauti ya upole, kama mtu anayempa pole mgonjwa.

"Wifi, usinielewe vibaya. Ukumbi utajaa, muziki utakuwa mkubwa, mtoto atateseka bure. Mwache kwa jirani, uje ufurahi na wenzako."

Marciana, mama yake Winnie, alijua wifi yake hajasahau ule ubatizo wa Pasaka. Siku hiyo padri alihubiri mpaka watoto wakasinzia. Winnie, ambaye huweza kushinda kutwa bila kutoa neno, alipanda juu ya benchi akapaza sauti kama kondakta wa stendi: "Twende, twende, gari inaondoka!" Kanisa zima lilicheka. Padri mwenyewe alicheka, akafupisha mahubiri. Magreti, dada mkubwa wa mume wa Marciana na mwenyekiti wa kila kamati ya ukoo, aliinamisha uso mpaka misa ikaisha.

Winnie alikuwa na miaka saba. Daktari wa watoto kule Morogoro aliwaeleza kwamba ana usonji, kwamba sauti, mwanga na maneno humfikia kwa namna tofauti na wengine. Nyumbani walikuwa wameshaizoea namna hiyo. Gauni jipya lilifuliwa na kufuliwa tena ili liache kumkwaruza. Maharage hayakuruhusiwa kugusa ugali. Na Winnie akifurahi, akarukaruka na kupepea mikono kama kuku anayejikung'uta maji, Casmir, baba yake, alipepea naye, hata mbele ya wageni.

"Sasa nimjibu nini dada yako?" Marciana alimuuliza mumewe, aliyekuwa akinawa matope ya shamba la miwa.

Casmir hajajibu, simu ikaita tena. Alikuwa Lightness, mdogo wake Casmir, mwenye sherehe yake.

"Wifi, nimesikia yote. Winnie asipokuja, na mimi siji."

"Lightness! Sendofu ni ya kwako!"

"Ndiyo maana nasema."

Miaka yote ya sekondari Lightness alikaa nyumbani kwa Casmir na Marciana. Ndiye aliyegundua kwamba Winnie akiviringishwa vizuri kwenye khanga hulala upesi. Marciana alikata simu akicheka. Lakini kukaribishwa ni jambo moja, kukaa ukumbini mpaka mwisho ni jingine.

Wakaanza kujiandaa. Casmir aliazima kwa rafiki yake Fortunatus, fundi wa mashine, vile vifuniko vikubwa vya masikio wanavyovaa wafanyakazi kiwandani kuzuia kelele. Winnie alivitupa uani. Alipovikwa tena, alivitupa mbali zaidi.

"Leteni hapa," alisema Bibi Agatha, mama yake Casmir. Akavivaa mwenyewe juu ya kilemba. Akafagia navyo uwanja, akalisha kuku, akapokea wageni.

"Shikamoo bibi!" jirani aliita.

"Nini?"

"Nimesema shikamoo!"

"Sema kwa nguvu, nina mashine masikioni!"

Winnie alimfuata bibi yake siku nzima, akimkodolea macho. Kufika jioni alishindwa kuvumilia. Alimvua bibi vile vifuniko, akavivaa, akakaa navyo mlangoni huku akitabasamu. Tangu hapo ikawa vita kumvua wakati wa kuoga.

Siku yenyewe walisafiri mchana kwenda Mikumi kwa gari la jirani yao Vitalis. Ukumbini mambo yalianza vizuri kuliko Marciana alivyothubutu kuomba. Winnie hasemi shikamoo. Yeye huegemeza paji la uso kwenye mkono wa mkubwa. Wazee wa ukoo waliitikia "marahaba, mjukuu" bila kusita. Alikaa kati ya wazazi wake na vifuniko vyake masikioni, akichezea utepe wa kiti. Magreti alipita mara kadhaa na kumtupia jicho.

Shida ilikuja na keki. Mshereheshaji, kijana mchangamfu wa mjini, aliona mtoto mzuri amevaa vitu vya ajabu kichwani.

"Huyu mrembo anasikiaje muziki? Njoo ucheze na anko!"

Kabla Marciana hajanyanyuka, vifuniko vilikuwa mkononi mwa kijana. Papo hapo fataki za mezani zikawaka, spika zikanguruma, vigelegele vikapasua hewa. Winnie alipiga yowe, akachomoka mbio na kujitosa chini ya meza ya keki, iliyofunikwa kwa kitambaa hadi sakafuni. Keki ikayumba, ikasimama.

"Huyo fimbo moja tu," mtu mmoja alinong'ona nyuma.

Marciana alipiga magoti kando ya meza, uso ukimwaka moto. Alisikia viatu vya Magreti vikija, ko, ko, ko, akajiandaa kwa maneno. Magreti hakumtazama. Alinyoosha mkono kwa mshereheshaji.

"Lete kipaza sauti. Na hivyo vya mtoto."

Kisha akawageukia wote. "Zimeni muziki. Na wewe uliyetaja fimbo, mtoto huyu ni wa kwetu. Sauti zimemuumiza, ndiyo maana kakimbia. Kaa utulie."

Muziki ukazimwa. Marciana alimkodolea macho wifi yake, asiamini. Huo ndio wakati Lightness alipoteremka jukwaani. Alikusanya gauni lake mikononi, akainama, akatambaa chini ya meza mpaka likabaki pindo la gauni tu nje. Mathias, mchumba wake, alikaa sakafuni na suti yake mpya, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Lightness na Winnie walisikika wakivuta pumzi kwa pamoja, taratibu. Baadaye sauti ya Lightness ikatoka chini ya kitambaa: "Dada Magreti, tunaomba vifuniko. Na keki."

Magreti, mwanamke mnene aliyevaa kitenge cha kubana, alipiga magoti akapenyeza sahani ya keki na vifuniko. Alichelewa kuinuka. Aliposimama alikuwa na krimu kwenye pua, na machozi ya kicheko.

"Mtoto amenilisha keki," alimwambia Marciana. "Nimepeleka sahani, kidole kikanijia mdomoni. Wifi, nisamehe. Nilidhani namwonea huruma yeye, kumbe ni mimi niliyekuwa naona aibu."

"Futa pua kwanza," alisema Marciana, na wote wawili wakashikana mikono na kucheka mpaka viti vya jirani vikaanza kucheka bila kujua sababu.

Mshereheshaji alikuja kuomba radhi, akarudisha muziki kwa sauti ya chini. Ikawa raha mpya. Wageni waliweza kuzungumza. Mjomba mmoja wa Mathias alitangaza kwamba ni sherehe ya kwanza ambayo amesikia majina ya wakwe zake.

Winnie alipotoka chini ya meza, Bibi Agatha alimchukua wakakae barazani, mahali palipokuwa na upepo, kuangalia malori yaendayo Tunduma yakipita barabara kuu. Kila lori lilipopita, mtoto alipepea mikono, na bibi naye akapepea. Dereva mmoja aliwapungia.

Casmir alisimama mlangoni akiwatazama, mpaka mama yake alipogeuka.

"Wewe unangoja nini? Mkeo hajacheza tangu mtoto huyu azaliwe. Nenda."

Alikwenda. Marciana alivua viatu, akaviacha chini ya kiti. Casmir hakujua kucheza na hajawahi kujua. Alimkanyaga mara ya kwanza, akamkanyaga tena, na Marciana akamshika mabega na kumwongoza polepole katikati ya ukumbi, huku Magreti akiwapigia makofi.