Shamba Lililomngoja Priscilla

Mwaka huo mvua ya Machi haikuchelewa hata siku moja, na hapo ndipo penye uchungu wote. Laiti ingekataa, kama ilivyowahi kukataa miaka mingine, Phelesia angekuwa na la kusema. Lakini ilinyesha, tena ikashiba, majirani wote kuanzia barabara ya Macalder hadi mtoni wakapanda mahindi na mtama, na shamba la marehemu Odira likabaki tupu, ekari sita nzima, likiota magugu tu.

Si kwamba lilikosa mtu wa kulilima. Phelesia, mke mdogo wa Odira, alikuwa na jembe, alikuwa na mbegu debe zima, na mikono yake ilikuwa mizima. Alichokosa ni zamu. Katika boma la Mjaluo, mbegu ya kwanza ya msimu hutiwa ardhini na mikayi, yaani mke mkubwa. Yeye akishaanza ndipo mke mdogo hufuata, kisha wake wa watoto. Mikayi wao alikuwa Priscilla, na Priscilla alikuwa amelazwa Homa Bay, tumbo limemvimba, kuketi hawezi.

"Nyar Karungu," alimwambia Phelesia pale kitandani, akimwita kwa kwao alikozaliwa, kama alivyomwita miaka thelathini. "Usinipite. Nitarudi tupande."

"Nitakungoja," Phelesia akasema.

Metrine, mke wa kifungua mimba wa Priscilla, alikuwa papo hapo akikunja leso za mgonjwa. Aliyasikia yote.

Basi Phelesia akangoja. Wenye kumpa akili hawakukosa. Walikuja na mashauri yao kila jioni kana kwamba wametumwa. Mmoja alimwambia apeleke mbegu hospitalini Priscilla azishike, ihesabike kwamba ameanza. Mwingine alimwambia dunia imebadilika, mambo ya chira yaachiwe wazee. Chira ni ule ugonjwa usiosikia dawa, unaoingia bomani mtu akivunja mila, na hauchagui wa kumshika. Lakini si chira iliyomzuia Phelesia. Alijua tu kwamba siku atakayoinama kupanda, atakuwa amemwambia Priscilla wewe umekwisha. Hilo hakuliweza. Aprili ikapita. Wiki ya pili ya Mei, Priscilla akafa.

Tangu mazishi Phelesia alikufa ganzi. Hakulia sana, watu walilitaja hilo wakinong'ona, naye akawasikia na hakujali. Aliamka, akafagia uwanja, akala alicholetewa na Metrine, akalala. Chakula hakikuwa na ladha na usingizi haukumpumzisha, lakini vyote viwili alivifanya kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya.

Agosti chifu akaitisha baraza katika ukumbi wa kanisa. Mambo yalikuwa ya mbarika. Kampuni moja ilitaka mbegu zake kukamua mafuta ya kuendesha magari na mitambo, na mpango ulikuwa umechorwa wa kaunti zote mbili, Migori na Homa Bay: wapi patalimwa, wapi pataachwa. Mwenye kuuleza alikuwa kijana mmoja mpole aitwaye Ken, mzaliwa wa Mbita, mwenye miwani na viatu vilivyojaa vumbi letu. Wazee wa ukoo walikuwa wameshakubali na kutia sahihi. Ardhi ya chakula haiguswi, walisema. Ardhi isiyolimwa itakodishwa kwa kampuni miaka ishirini. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya mwenye lalamiko kulitoa.

Watu waliuliza, tena si maswali ya kijinga. Mzee Machuki, Mkuria aliyehamia huku na ng'ombe wake, aliuliza mnyama akila mbegu hizo itakuwaje. Ken akajibu bila kuficha kwamba atakufa, na kwamba kutawekwa ua. Mama mmoja akauliza maji ya kijito yatatosha nani, maana hata sasa wachimba dhahabu wa juu huko wanayachafua wapendavyo. Hilo Ken aliliandika. Aliandika kila kitu, na mtu ukimwona anaandika hivyo unadhani umesaidika.

Kisha akatundika ramani ukutani. Kijani ilikuwa ardhi ya chakula, manjano ilikuwa ardhi isiyolimwa. Picha zilipigwa kutoka juu mwezi wa Aprili, akaeleza, wakati ambao kila anayelima huwa amepanda. Katikati ya kijani chote, karibu na mtoni, kulikuwa na pande moja la manjano. Vichwa vikaanza kugeuka kumtazama Phelesia. Metrine, aliyeketi kando yake, akamshika mkono.

"Hapo ni kwetu," Metrine akasema.

Phelesia aliiona. Ekari sita zilizolisha watu kumi na mmoja, wakiwemo watoto wanne wa Metrine. Alingoja roho imruke. Haikuruka. Aliona rangi ya manjano, akaona pini imekaa upande, basi.

Soda zilipogawanywa, Ken alimfuata nyuma ya ukumbi.

"Mama, nimeambiwa habari zenu. Pole sana," akasema kwa Kiluo, kisha akarudi Kiswahili, labda kwa sababu aliyotaka kusema yalikuwa ya kazi. "Hata kwetu mama yangu lazima aanze. Najua kwa nini shamba lilikaa vile. Lakini kwa fomu hakuna mahali ya kuandika hiyo. Inauliza tu: ulipanda, hukupanda?"

"Nikisema sikupanda?"

"Linaenda."

"Na nikisema nilipanda?"

Ken alitazama kando. "Ukisema ulipanda hata kipande kidogo, halafu ikakauka ama ng'ombe ikakula, basi shamba lote ni la chakula. Mpango ndivyo unasema. Picha haioni kila kitu, mama. Lakini useme mwenyewe, mbele ya watu. Mimi siwezi kusema kwa niaba yako."

Alikuwa mtoto mwema, Ken. Alimwonyesha mlango bila kumsukuma. Na sidhani alipiga hesabu mlango wenyewe unatokea wapi.

Phelesia alipiga. Ganzi ile haikumnyima akili. Pengine hata ilimsaidia, maana alifikiri polepole na kwa utulivu kama mtu anayechambua mchele. Kusema nilipanda ni kusema nilimpita Priscilla angali hai. Ni kusema niliahidi kitandani pake, nikatoka, nikavunja. Na Priscilla hakuinuka tena. Hakuna mtu katika ukumbi ule ambaye hangeunganisha hayo mawili, na wa kwanza angekuwa Metrine. Metrine alitoka kwao Kakamega akaolewa huku, na mila zetu alizisoma kwa Priscilla kama mtu anayesomea mtihani. Walioolewa mbali huzishika kuliko sisi tuliozaliwa nazo.

Akamaliza soda yake. Ilikuwa ya machungwa. Akarudi ndani.

Chifu aliita majina mpaka akafika kwa nyumba ya Odira. Phelesia akasimama.

"Nilipanda," akasema.

Kila mwenye macho alikuwa amepita kando ya shamba lile Machi na Aprili akaliona lilivyo. Lakini nani angebisha? Mtu husema uongo kujisafisha. Hakuna aliyewahi kuona mjane akisimama mbele ya kanisa zima kujipaka uchafu bure, kwa hivyo wakamwamini.

"Ulipanda wapi, mama?" Ken akauliza, kalamu tayari, macho kwenye karatasi.

"Chini, karibu na mto, nyuma ya ua wa miti ya ojuok. Mahindi, na maharagwe katikati. Nilienda alfajiri, watu wasinione. Yaliota kidogo, ng'ombe wakayamaliza."

"Siku gani?"

Hiyo haikutoka kwa Ken. Ilitoka kwa Metrine, ambaye alikuwa ameuachilia mkono wa Phelesia.

Phelesia hakuwa amejitayarisha kwa swali hilo. Alihitaji siku, siku yoyote, akachukua ya kwanza iliyomjia.

"Jumanne. Ile ya baada ya Pasaka."

Akaona uso wa Metrine, na hapo hapo akakumbuka. Jumanne hiyo ndipo Priscilla alipopoteza kauli. Metrine ndiye aliyekuwa na zamu ya kumlinda hospitalini.

Ken akaandika. Akachukua kalamu ya kijani, akalipaka lile pande la manjano, taratibu, mpaka likafanana na mengine. Watu wawili watatu walipiga makofi kidogo, wakaacha. Phelesia akatia kidole gumba kwenye wino, ingawa alijua kuandika jina lake.

Walirudi nyumbani, Metrine mbele, yeye nyuma. Bomani, watoto walikuwa wameketi jikoni kwa Phelesia kama kila siku, wakingoja nyoyo, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Metrine aliwatoa mmoja mmoja kwa mkono. Hakufoka. Sauti yake ilikuwa ya chini, tena ya heshima, na hilo ndilo Phelesia angelibeba miaka yote.

"Mama, kwa shamba nakushukuru. Baba watoto akirudi kutoka Muhuru nitamweleza kwamba umelikomboa. Lakini hawa hawatakula kwako tena. Na pale kaburini kwa mama yangu, tafadhali, usikanyage."

"Sawa," Phelesia akasema.

Alibaki mlangoni akiwaangalia wakivuka uwanja. Ndipo kifua kilipomuuma, mara ya kwanza tangu Mei. Alitamani mtu mmoja tu wa boma lile ajue kwamba hakumpita Priscilla hata kwa punje moja. Aliyekuwa akilijua hilo bila kuambiwa alikuwa kaburini, na kule alikuwa ameshakatazwa kwenda.