Ngamia wa Laini ya Tatu

Maumivu yalipomrudia alikuwa kalala kwa ubavu kwenye benchi la korido ya hospitali, kichwa mapajani mwa wifi yake, mfuko wa plastiki mkononi tayari kwa kutapika. Hakulia. Aliuma pindo la mtandio hadi yakapungua.

"Kaka yangu alikuahidi nyumba ya mawe," wifi akamwambia, akimfuta jasho. "Ukaona anachelewa, ukaanza kujenga mwenyewe."

Walipoitwa ndani, daktari aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha. Taa ya kusomea picha ilikuwa imeungua. Jiwe lilionekana wazi: punje nyeupe iliyokwama kwenye mshipa wa kushusha mkojo, na juu yake figo imevimba.

"Maji unakunywa, mama?"

"Nakunywa."

"Anakunywa wapi, dokta," wifi akadakia. "Kiwandani wanamwita Ngamia."

Ikabidi waeleze. Laini moja ya mafundi cherehani ina kibao kimoja tu cha kwendea msalani, kinaning'inia msumarini. Bila kibao hupiti mlango. Laini iliyokiacha kibao chake msumarini hadi jioni ndiyo inayotangulia kutoka, na mtu asiyekigusa mwezi mzima hupigiwa makofi. Yeye makofi aliyazoea. Aliyafurahia pia, binadamu akipigiwa makofi hujivunia hata mkosi.

Daktari hakucheka. "Njia zipo tatu. Kwanza, mashine inayopiga jiwe kwa mawimbi kutoka nje. Hukatwi, hulazwi."

"Hiyo hiyo," Ngamia akasema upesi.

"Imeharibika. Inasubiri fundi."

"Tangu lini?" wifi akauliza.

"Nimeajiriwa nikaikuta imefunikwa shuka." Akaendelea haraka. "Pili, tunapitisha mpira mwembamba wenye kamera kwenye njia ya mkojo, tunalivunja huko huko. Kesho yake uko nyumbani."

"Na huo nao unasubiri fundi?"

"Huo upo. Upande wa kulipia."

"Anayeutumia huko ni nani?"

Daktari akatazama viatu vyake. "Mimi. Nikitoka hapa."

Wifi akaufunga mkoba wake: pesa za huko hawakuwa nazo. Daktari akachora kwa kidole juu ya koti lake mwenyewe, kutoka mbavuni kuja tumboni. "Ya tatu ni kisu. Hicho kipo. Ila ni wiki sita bila cherehani."

Ngamia alihisi mstari ule ukimpita yeye. Alikiogopa kisu, na aliziogopa zaidi wiki sita: kiwandani ukikosekana siku tatu unakuta kiti chako kina joto la mwingine.

"Nisipochagua?"

"Figo itakufa. Ikifanya usaha, unaweza kuifuata."

"Kumbe unajua kubembeleza," wifi akasema.

Wakaazima muda. Daktari alimwekea mrija laini ndani, mkojo upite kando ya jiwe. Jiwe likabaki palepale. Mrija, alimwambia, lazima utolewe kabla ya miezi mitatu, la sivyo nao utaota mawe. Kufikia hapo mashine itakuwa imetengenezwa. Inasemekana.

"Utabanwa mkojo kila mara. Utakuchoma, pengine uwe na damu. Usiogope. Kunywa maji mengi."

 

Kiwandani, msimamizi wa laini ya tatu alimpokea kwa tabasamu. "Ngamia wangu karudi."

"Bosi, daktari kasema nitakuwa natoka mara kwa mara."

"Daktari wako anashona?"

"Hapana."

"Basi tusimwingize kwenye kazi za watu. Kibao kile pale, mama, sijakufunga kamba. Ila wenzako nao wana watoto wanaosubiri kupikiwa. Waangalie machoni ukipita."

Aliwaangalia. Siku ya kwanza walimpisha. Wiki ya pili walianza kuguna. Kufikia mwezi mmoja walikuwa wa mwisho kutoka kila jioni, na hakuna aliyemsogezea uzi tena. Akarudi kunywa mafunda mawili asubuhi, basi. Alipokwenda kliniki aliambiwa fundi bado. Rudi mwezi ujao. Akarudi. Fundi bado, na daktari kahamishwa. Huyu mpya akamwuliza, "Mrija gani?"

Mwezi wa tatu uliisha akiwa kwenye mashati meupe. Adhuhuri mkojo ulimbana ghafla, na ndani kitu kikakwaruza, kigumu, mahali ambapo paliwekwa kitu laini. Akajua. Sindano ikapita pembeni ya kola. Akatazama msumari: mtupu. Msichana mjamzito wa mwisho wa laini ndiyo kwanza katoka na kibao.

Akabana. Akahesabu vifungo. Mkojo ukashuka hivyo hivyo, wa moto, ukipita gotini, ukiingia kiatuni, ukaenea sakafuni chini ya pedali. Haukuwa na rangi ya mkojo.

Mwanamke wa jirani, yule aliyekuwa akiguna kuliko wote, aliona. Kwa mguu akasukuma rundo la vipande vya kitambaa hadi chini ya cherehani ile, akavitandaza kwa kidole gumba cha mguu, vyeupe, vikaanza kunywa.

"Shona," akamnong'oneza bila kugeuka. "Bosi anakuja huku. Shona."