Mama Mkwe Mbele ya Afisa wa Benki

Mwokaji mikate alikuwa ameomba mkopo wa kununua tanuri kubwa, na dhamana yake ilikuwa nyumba anayoishi. Afisa wa benki alipokuja kuikagua, shemeji wa mwokaji, ndugu wa marehemu mumewe, naye akatokea, ameongozana na mama yake mzazi.

"Nyumba hii ni ya marehemu kaka yangu," shemeji alisema, hata kiti hajakaribishwa. "Mjane hawezi kuiweka rehani bila sisi kuridhia."

Mwokaji aliitoa hati ya nyumba. Hati ilikuwa na jina lake peke yake, lakini benki haitaki nyumba yenye ugomvi, na afisa alishaanza kufunga mkoba. Mama mkwe, ambaye tangu msiba alikuwa akisalimiana na mwokaji kwa shingo upande, alisimama akipapasa ukuta wa sebule.

"Marehemu mwanangu alihamia humu na sanduku moja la nguo," mama mkwe akasema. "Alikuta paa limeshaezekwa. Huyu mkwe wangu aliijenga kwa jasho lake, kwa pesa za mikate. Mpe mkopo wake, baba." Kisha akamgeukia mwanawe. "Nawe nenda nyumbani, usinitie aibu."

Shemeji alitoka bila kuaga. Afisa akafungua mkoba, akaendelea kupima vyumba.

Siku tanuri lilipofika, lilikataa kupita mlangoni. Mama mkwe ndiye aliyeamuru mlango ung'olewe, akasimama kando akiwahimiza wabebaji mpaka likaingia. Mkate wa kwanza ulipoiva, mwokaji alimkatia yeye, ungali wa moto, wakaula pamoja wakicheka.