Tunguu la Wizi

Mume wangu Zenon ni mtu mwema, lakini siku ile ya Februari nusura nimtwange ndoo ya kichwa.

Nilikuwa nimeshuka stoo ya chini kutoa tunguu la ua la amarilisi la marehemu mama. Kila vuli tunaacha kulimwagilia maji, majani yakinyauka tunayakata, kisha tunalilaza gizani karibu na viazi, mahali penye ubaridi lakini barafu haifiki. Baridi ikianza kulegea, tunalipandisha dirishani nalo linaamka. Mwaka huu nilikuwa na haja nalo kuliko mwaka wowote, kwa sababu binti yangu Ludwika alikuwa anaolewa baada ya Pasaka. Kwetu bi harusi hupiga magoti nyumbani mbele ya wazazi wambariki, ndipo aende kanisani, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kubarikiwa bila ua lile jekundu mezani. Mama alibarikiwa nalo. Mimi pia.

Nikalishika, vidole vikazama. Lilikuwa limeganda, likayeyuka, likaoza tepetepe. Harufu yake, we acha tu.

"Zenon! Nani kaacha kidirisha cha stoo wazi?"

"Nilifungua kidogo tu, mama Ludwika. Pipa la kabichi lilikuwa linanuka."

"Kabichi ya kuchachua ulitaka inukie marashi? Ulifungua lini?"

"Ile wiki ya baridi kali." Akajikuna kisogo. "Nikasahau."

"Ukasahau! Mbona tumbo lako hujalisahau hata siku moja?"

Kisha nikakaa kwenye gunia la viazi nikalia. Nilikuwa namwona mwanangu amepiga magoti mbele ya meza tupu, na roho iliniuma kweli kweli.

"Si Bronka analo?" Zenon akasema kwa sauti ya mtu anayeogopa ndoo. "Watoto wa tunguu lile lile. Kamwombe."

Bronka ni dada yangu, anakaa ng'ambo ya barabara. Siku ya matanga ya mama alionja supu yangu ya bitiruti, akasema mbele ya wanawake wote kwamba hata nguruwe wake wangeomba chumvi. Tangu siku hiyo, tukikutana, kila mtu anatazama viatu vyake.

"Nimwombe yule? Afadhali nile hili lililooza. Halafu hata akinipa, litanifaa nini?"

Zenon alinielewa. Kwetu mmea ukipewa ukasema asante, umeshauua. Haushiki. Mmea wa kuiba ndio unaoshamiri, na hilo hata mtoto mdogo analijua.

"Basi kaibe," akasema, akapanda ngazi haraka.

Jumapili, kila mtu akiwa kanisani, nikatoka na kikapu. Bronka ni wa kwaya, hakosi misa. Nikafika getini kwake, nikakumbuka supu yangu ilivyosemwa, kiburi kikanipanda nikarudi nyumbani. Wiki nzima sikulala vizuri. Ludwika akaniuliza, "Mama, ua bado halijaamka?" Nikamjibu bado, nikageuza uso.

Jumapili iliyofuata nikaenda tena, mchana kweupe, nanyata kwenye theluji kama mwizi wa kuku. Stoo ya Bronka imechimbwa kwenye kilima nyuma ya zizi, na ina kufuli kubwa kama ngumi. Siku hiyo kufuli lilikuwa linaning'inia wazi, ufunguo ndani yake. Nikasema moyoni, maskini, uzee umeshamwingia dada yangu.

Nikasukuma mlango.

Bronka alikuwa ameketi juu ya kreti, amejifunga shali mbili na blanketi magotini, taa ya mafuta miguuni.

"Funga mlango, baridi inaingia," akasema. "Wewe nawe! Jumapili iliyopita nimekungoja humu mpaka nyonga zikaganda. Kwaya nzima wanadhani nimekufa."

"Umejuaje?"

"Shemeji alikuja kuazima msumeno. Nikamuuliza mbona kanywea hivyo, akamwaga yote."

"Sasa si ungeniletea tu, dada?"

"Nikuletee, useme asante, life? Harusi ya mtoto wetu hiyo! Una akili wewe?"

Akageukia ukutani, akajifunika macho. "Mimi sioni kitu. Rafu ya chini, kulia."

Lilikuwa kubwa kuliko yote, limevishwa soksi ya sufu ya mama. Nikalifunua kidogo. Gumu, zito, na shingoni limeshatoa ncha ya kijani.

"Dada Bronka, asa—"

Akaruka kama msichana, akaniziba mdomo kwa glavu inayonuka viazi. "Wee! Ukilitamka tu tumekwisha! Toka! Kimbia!"

Nikakimbia. Naye akatoka nyuma yangu akipiga kelele, kijiji kizima kikasikia: "Mwizi! Mwizi jamani! Lodzia kaniibia!" Waliokuwa wanatoka kanisani wakasimama barabarani, mbwa wakabweka, nami nateleza huku nacheka na kulia pamoja, tunguu nimelikumbatia.

Asubuhi ya harusi maua yalikuwa yamefunguka, mekundu, makubwa kuliko nilivyokumbuka. Ludwika akapiga magoti mbele yake, nikamwekea mkono kichwani, nikashindwa kumaliza maneno. Bronka alikuwa amesimama karibu na dirisha, akimwambia kila mgeni anayeingia, "Lile pale limeibiwa kwangu," kwa fahari ambayo sijawahi kumwona nayo.

Mezani nikampakulia supu ya bitiruti. Nilisimama pale pale na upawa. Akaonja, akaonja tena.

"Chumvi imekolea," akasema, akanisukumia bakuli.

Sikumshukuru. Nilimjazia mpaka ukingoni.