Kiingereza cha Ajali

"Wiki tatu, tata Feruzi! Wiki tatu nakuletea bukari ya moto na samaki juu, na hata salamu ya asubuhi ya Kiingereza haukunifundisha!"

"Mama Mignonne, punguza sauti. Batu banaangalia."

"Baangalie! Banicheke tena, banazoea!"

Walikuwa wamesimama kando ya lori la Feruzi, mbele ya geti la kampuni moja ya shaba kwenye njia ya Mutoshi. Watu kama sitini waliopanga foleni ya usaili walikuwa wameacha kusoma karatasi zao ili wasikilize vizuri. Ernestine alishika namba yake, arobaini na moja, na diploma yake ndani ya plastiki. Tangu depo ya saruji alikokuwa karani ifungwe, alikuwa ameomba kazi mahali kumi na mbili. Hii ya mapokezi ilikuwa ya kumi na tatu, na tangazo lilisema wazi: bila Kiingereza, usijisumbue.

Kiingereza alikitafuta kwa jirani. Feruzi alikuwa ameendesha lori kwenda Zambia miaka ishirini na miwili, na mtaani kwao Kapata kila mtu alijua kwamba lugha ile anaimwaga kama maji. Kila jioni aliletewa bukari, ugali wa moto, akala, akafundisha. Ernestine aliandika maneno yote kwenye daftari la Mignonne, binti yake, akayakariri akisonga, akifua, hata kanisani wakati wa mahubiri.

Halafu, dakika kumi zilizopita, mwanamke mmoja wa foleni, Josée, mwenye kucha nyekundu, alimgeukia akamsalimu kwa Kiingereza cha ofisini, ili wajaribishane. Ernestine alifungua kinywa. Kilichotoka ni hiki: "Is anybody trapped?"

Kuna mtu amenaswa ndani? Josée alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nieleze," Ernestine alisema sasa, akifungua daftari chini ya pua ya Feruzi. "Ukurasa wa kwanza, rescue. Wa pili, salvage. Wa tatu, tow. Wa nne, vuta, vuta, simama, inawaka moto! Tata, nani alikuambia natafuta kazi ya zimamoto?"

Feruzi alikuna shingo. "Nisikilize, mama. Lori ikitembea muzuri, nani anaongea Kiingereza? Kule Chingola naongea Kibemba. Huku, Kiswahili. Kiingereza kinatoka siku lori imelala ubavu. Polisi anakuya na karatasi, mutu wa bima anakuya na karatasi, yote Kiingereza. Na mi lori yangu ililala mara tisa."

"Mara tisa!"

"Kumi, ukihesabu ile ya kabichi."

Ernestine aliuma mdomo asicheke. Ile ya kabichi aliijua. Somo zima la wiki ya pili lilitoka humo. Mtu unamtoa hatarini: rescue. Kabichi zilizobaki nzima unaziokota: salvage. Lori unalifunga kamba na kulivuta: tow. Ukichanganya, alisema Feruzi, watu wa bima wanakuacha barabarani.

"Uko na mulango mwingine," Feruzi alisema, akielekeza kwa kidevu. Upande wa kulia wa geti palikuwa na mlango wa kikosi cha uokoaji cha mgodi. Kibao juu yake kilisema wanatafuta mtu wa kushika redio, Kiingereza lazima. Foleni haikuwepo hata kidogo.

"Ule ni wa wanaume ya makofia ya mugodi. Mi niko na diploma."

Mara kamioneti ya kantini, gari dogo la mizigo, ilikuja mbio, ikakwepa pikipiki, ikapiga honi kana kwamba mtaro ungehama, kisha ikalala ubavu ndani yake. Makreti ya kuku na mayai yalipasuka. Kuku walitoka kwa makumi, wakiruka juu ya vichwa vya foleni.

Msimamizi wa geti, Mzambia mrefu, alitoka akipiga kelele kwa Kiingereza. Walinzi walimtazama mdomo. Mmoja alikuwa tayari anafukuza jogoo, kwa uso wa mtu anayejua atakula nini jioni.

Ernestine alijikuta keshavua viatu.

"Is anybody trapped?"

Dereva, alijibu Mzambia, dereva yumo, mlango umekwama! Na Ernestine alielewa. Alielewa kila neno! Kichwa kilimzunguka kwa furaha kama aliyekunywa lutuku.

"Rescue the driver first!" Kisha akawageukia walinzi: "Nyinyi bane, mulango! Wacheni kuku, kuku haina mama mukwe wa kumulilia!"

Walikimbia. Alimwonyesha Josée makreti ya mayai. "Salvage! Weye wa kucha, ingia!" Josée aliingia, viatu vya kisigino na yote, akapokea mayai mazima moja moja kama watoto wachanga. Dereva alitolewa dirishani, hajambo kabisa, manyoya shingoni, akiulizia simu yake. Feruzi alikuwa keshafunga kamba.

"Tow!" Ernestine alipaza sauti. "Pull! Pull! Stop!"

Kamioneti ilipanda barabarani, ute wa mayai ukichuruzika, na foleni nzima ikapiga makofi na vigelegele.

Na kuku? aliuliza Mzambia, akihema.

"They will rescue themselves," Ernestine alimjibu, na yule bwana akainama, mikono magotini, akicheka. Alipoinuka alimuuliza kama yeye ni wa kikosi cha uokoaji.

Dirisha la mapokezi lilifunguka upande wa kushoto, sauti ikaita: "Arobaini na moja! Mapokezi, arobaini na moja!"

Alitazama dirisha lile. Alitazama mlango wa kulia, usio na mtu.

"Una namba ngapi?" alimuuliza Josée.

"Sitini na mbili."

"Shika hii. Nenda ubasalimie, salamu zako nzuri."

"Mama Mignonne, viatu!" Feruzi aliita. "Na huyo kuku!"

Kweli, alikuwa na kuku kwapani, hata hakukumbuka alimwokota saa ngapi. Hakurudi nyuma. Alikaza diploma mkononi, akavuka miguu mitupu hadi mlango wa kulia, akausukuma kwa bega, akaingia.