Breki za Gari la Handeni

Rehani alikuwa fundi mzuri, hilo hatukatai. Kosa lake lilikuwa kuzaliwa Mashewa, kule Korogwe. Sisi wanafunzi wa ufundi magari wa Handeni tulikuwa tumeunda gari la mbio kwa mabomba ya chuma na injini ya pikipiki, na tulikuwa tunakwenda kushindana na chuo kimoja cha Korogwe, ambacho dereva wake ni binamu yake Rehani. Isitoshe, kiti cha dereva wa gari letu Rehani alikitaka yeye, Mwalimu Castory akampa Maryamu. Mtu wa namna hiyo utamwachaje peke yake na gari?

Asubuhi ya mashindano, pale uwanjani Kilole, mimi na Maryamu tukamkuta anatoka chini ya gari, anajifuta mikono.

"Ulikuwa unafanya nini huko?" Maryamu alimuuliza.

"Nilikuwa nakaza vitu tu," akasema, akaenda kunawa.

Tukainama. Karibu na tairi la nyuma udongo ulikuwa umelowa mafuta ya breki. Gari lile likikosa breki kwenye kona ya mwisho, linaingia moja kwa moja kwenye mikonge.

"Tumwambie mwalimu," nilisema.

"Subiri, nitamkamata mwenyewe." Maryamu akishakushuku, hakuachii. "Namwambia aendeshe yeye kwanza. Kama kazichezea breki, hapandi ng'o."

Rehani aliporudi, Maryamu akajishika paji la uso. "Kaka, kichwa kinanigonga. Hebu lizungushe wewe raundi moja ya majaribio."

Jamaa alicheka mpaka magego yakaonekana. Akavaa helmeti, akaruka ndani, akawasha.

Basi hakuwa na hatia. Ila mafuta yalikuwa yamemwagika kweli, na sasa ndani ya gari yumo yeye. Nilimtazama Maryamu. Alifungua mdomo, akaufumba. Hata mimi sikupiga kelele, na hasira yangu mpaka leo ni hiyo: bado tulikuwa tunataka tuone.

Gari lilifika kwenye kona likiwa na kasi. Likapunguza mwendo, likakata vizuri, likarudi.

"Pedali ya breki ngumu, safi kabisa!" Rehani alisema akishuka. "Koki ya breki ilikuwa inavuja, nikaona niikaze kabla dada hujapanda. Kichwa vipi?"

Maryamu aliangua kilio. "Nisamehe. Tuliona mafuta chini, tukadhani umelegeza breki."

Rehani alitabasamu, akidhani anataniwa. Kisha tabasamu likamtoka taratibu.

"Mliyaona kabla sijapanda?"

Rehani akavua helmeti, akamvika Maryamu, na alipokaa kitini akamfungia mkanda kwa mikono yake na kuuvuta kuhakikisha umekaza. Halafu akaenda kumwambia Mwalimu Castory kwamba jioni tutangulie sisi. Yeye atarudi Handeni kwa basi.